Ukishtuka, Usiachie Resi: Fizikia ya Pikipiki ya Majini kwa Watu wa Vitongoji

Mwezi uliopita mtoto wa ami yangu alinipigia simu kutoka Vitongoji, Pemba. Baada ya salamu na habari za wazee akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Kaka, wewe si ndo unasoma hizo fizikia? Hebu nambie. Kuna mtu ana jetiski ya mtumba, imetoka Dubai. Nataka niinunue niiweke hapa pwani, siku za Idi watu wapande kwa zamu. Inafaa au haifai?"

Nikamwambia anipe siku chache. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa yeyote mwingine mwenye wazo kama hilo, au anayetaka tu kupanda mara moja aone raha yake.

Kwa asiyepajua, Vitongoji ni upande wa mashariki wa Pemba, si mbali na mji wa Chake Chake. Pwani yake ina miamba ya matumbawe, na katikati ya miamba kuna vipande vya mchanga mweupe. Sikukuu watu wanakwenda kupunga upepo na kuogelea. Siku za kazi, bahari hiyo hiyo ni shamba na ni barabara: kuna ngalawa, kuna madema, kuna watu wanaochokoa pweza maji yakitoka, na kuna watoto ambao hawaishi kuchezea ukingoni. Hilo tulishike, maana tutalirudia.

Nikiri jambo moja kabla sijaanza kutoa mawaidha. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda, kule Nungwi, kaskazini ya Unguja. Maelekezo niliyopewa hayakufika dakika moja: hapa unawasha, hapa unaongeza mafuta, usiende mbali. Basi. Dakika ya kumi hivi, nimeshanogewa, nikaona ngalawa mbele yangu. Nikashtuka. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kuendesha pikipiki angefanya: nikaachia mafuta, nikakata usukani kwa nguvu zote. Usukani ulikata, lakini chombo hakikukata. Kiliendelea kuteleza mbele kama vile sikuugusa. Nilimpita yule mzee kwa mita chache tu, mawimbi yangu yakamyumbisha, naye akanipigia kelele: "We kijana! Huoni?"

Nilikuwa naona. Nilichokosa ni kujua chombo kile kinafanyaje kazi.

Pikipiki isiyo na magurudumu, boti isiyo na propela ya nje

Kwa nje, jetiski ni kama pikipiki: unakaa kama juu ya tandiko, unashika usukani kwa mikono miwili, na kidole kimoja kinabana kidude cha kuongezea mafuta. Kwa lugha ya bodaboda tukiite resi. Kufanana huko ndiko kunakotudanganya, maana chini ya tandiko mambo ni tofauti kabisa.

Boti ya kawaida ya mashine ina propela inayoning'inia nyuma, ndani ya maji. Jetiski haina. Badala yake ina pampu. Chini ya tumbo lake kuna tundu lenye wavu wa chuma. Maji yanavutwa kupitia tundu hilo, yanakutana na pangaboi dogo linalozunguka kwa kasi ndani ya bomba, kisha yanasukumwa nje kwa nyuma kupitia mdomo mwembamba. Maji yanakwenda nyuma, chombo kinakwenda mbele. Ni ile kanuni ya tatu ya Newton tuliyoikariri skuli, kwamba kila tendo lina tendo sawa lililo kinyume chake.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme pampu inarusha lita 100 za maji kila sekunde, kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde. Lita 100 ni madumu matano ya lita ishirini, yanatupwa nyuma kila unapotamka "moja". Ukizidisha kilo 100 kwa mita 30 unapata msukumo wa niutoni 3,000, sawa na uzito wa polo sita za mchele za kilo hamsini. Ndiyo maana ukibana resi ghafla, aliyekaa nyuma bila kushika anabaki majini.

Wazo la kusukuma boti kwa maji si la jana. Miaka ya 1950, William Hamilton, mhandisi wa New Zealand, alitengeneza boti za aina hii kwa sababu mito ya kwao ilikuwa na kina kifupi na propela zilikuwa zinagonga mawe. Miaka ya 1960 Mmarekani Clayton Jacobson, aliyekuwa mpenzi wa mashindano ya pikipiki, akaanza kufikiria pikipiki ya juu ya maji. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ikatoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, na mwaka 1973 Kawasaki ya Japani ikaleta chombo chake kilichoitwa Jet Ski. Kwa hiyo neno tunalolitumia kwa vyombo vyote hivi, kwa asili ni jina la biashara la kampuni moja, kama watu wanavyoita kila dawa ya meno "Colgate".

Zile Jet Ski za mwanzo za Kawasaki mtu alisimama. Za leo unakaa, wanapanda watu wawili hata watatu, na kubwa zake zina injini ya nguvu ya farasi zaidi ya 300, kuliko magari mengi ya barabarani. Zinaweza kufika kiasi cha kilomita 100 kwa saa.

Raha yake inatoka wapi?

Tusiwe wanafiki: raha ipo, na ina sababu za kisayansi.

Kwanza ni macho. Ubongo haupimi kasi kwa kilomita, unaipima kwa jinsi vitu vya karibu vinavyokimbia machoni. Kwenye jetiski macho yako yako mita moja na kitu tu juu ya maji, kwa hiyo kasi unaihisi kuwa kubwa kuliko ilivyo. Pili ni sikio la ndani, lenye vifuko na mirija midogo ya majimaji inayoupasha ubongo habari za kila mrusho, kila kona na kila mdundo. Mawimbi yanaporusha chombo na kukishusha, viungo hivyo vinatoa habari mfululizo. Tatu ni homoni ya adrenalini: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, dunia inakuwa angavu.

Tatizo ni kwamba mwili ukiwa katika hali hiyo haupendi kufikiri. Unategemea mazoea. Na mazoea ya wengi wetu ni ya baiskeli na pikipiki: hatari mbele, achia mafuta, kata kona. Sasa tuone kwa nini mazoea hayo majini yanaua.

Usukani unaokufa

Gari na pikipiki hukata kona kwa sababu tairi linashika barabara. Boti ya kawaida hukata kwa sababu ya usukani uliozama majini au propela inayogeuzwa. Jetiski haina chochote kati ya hivyo. Unapogeuza usukani, unachogeuza ni ule mdomo wa nyuma tu. Maji yakitoka yameelekea kushoto, mkia unasukumwa kulia na pua inaelekea kushoto. Umeona? Kinachogeuza chombo ni yale maji yanayoruka.

Sasa ukiachia resi, maji hayaruki tena. Mdomo umegeuka, lakini hautoi kitu. Ni kama kushika mpira wa kumwagilia bustani baada ya kufunga bomba: elekeza unakotaka, hakuna kinachotoka. Chombo chenye uzito wa kilo mia tatu na kitu kinaendelea na safari yake kuelekea kule kule kilikokuwa kinakwenda, kwa makumi ya mita, na wewe umeshika usukani usio na kazi.

Kwa hiyo kitu kile kile kinachotoa mwendo ndicho kinachotoa uelekeo. Ukiondoa kimoja umeondoa vyote viwili. Hili ndilo lililonikuta Nungwi. Unapotaka kumkwepa mtu, lazima ubakishe mafuta kidogo huku unageuza. Kiakili ni rahisi kulisema. Lakini mkono ulioshtuka hausikii, ila kama umefundishwa kabla.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Vyombo vya miaka ya karibuni vingi vina mfumo unaobakisha msukumo kidogo usukani unapokatwa hata kama resi imeachiwa, na tangu mwaka 2009 Sea-Doo ilianza kutoa vyenye breki, ambayo ni kibao kinachoshuka nyuma ya mdomo na kuyaelekeza maji mbele. Lakini hivyo ni vipya. Ndugu yangu anatafuta mtumba. Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si bei. Ni hili: ukiachia resi, inakata kona au haikati? Na asikubali maneno, waende majini wakajaribu, mahali penye nafasi.

Kutoka mkarafuu hadi mnazi mrefu

Watu wengi husema, "Bahari pana, hakuna cha kugonga." Na wengine: "Ukianguka unaangukia maji, si lami." Tupime maneno hayo.

Nishati ya mwendo haiongezeki sawasawa na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, nishati imezidi mara nne. Njia rahisi ya kuielewa Pemba ni kuigeuza kuwa urefu wa kuanguka, maana sisi tunajua vizuri maana ya mtu kuanguka mtini. Kugonga kitu kigumu kwa kasi fulani ni sawa na kuanguka kutoka urefu huu:

- Kilomita 20 kwa saa: kama mita 1.6, ukuta mfupi.
- Kilomita 40 kwa saa: zaidi ya mita 6, tawi la mkarafuu wakati wa msimu.
- Kilomita 60 kwa saa: kama mita 14, juu ya mkarafuu wenyewe.
- Kilomita 80 kwa saa: kama mita 25, kilele cha mnazi mrefu.

Nani kati yetu angempandisha mtoto wa miaka 14 juu ya mnazi wa mita 25, asiyewahi kupanda mti, kwa maelekezo ya dakika moja? Lakini jetiski tunampa.

Kuna na suala la muda. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Mtu anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kuanza kutenda. Hapo umeshakwenda mita 33 kabla hujafanya lolote. Kichwa cha mtu anayezamia kwa miwani kinaonekana kama nazi inayoelea, na kukiwa na mawimbi madogo na jua la machoni hukioni mpaka umekifikia.

Na maji nayo si godoro. Maji ya chumvi ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800. Ukianguka taratibu yanakupisha. Ukianguka kwa kilomita 80 kwa saa hayapati muda wa kukupisha: yanakupiga kwa mgandamizo unaozidi kidogo upepo uliomo ndani ya tairi la gari dogo. Hapo ndipo mbavu zinapovunjika na shingo zinapoteguka.

Ushahidi upo. Mwaka 1998 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake juu ya ajali za vyombo hivi. Katika vyombo vingine vya starehe, watu wengi waliokufa walikufa kwa kuzama. Kwenye jetiski ilikuwa kinyume: wengi walikufa kwa kipigo, yaani kwa kugonga au kugongwa. Na wengi wa waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya chombo cha majini. Jaketi okozi ni lazima, tena lifungwe vizuri, lakini kazi yake ni kukuelesha. Halizuii kugongana.

Aliyekaa nyuma

Hili halisemwi sana, pengine kwa haya, lakini sayansi haina haya. Abiria akianguka kwa nyuma, anaangukia palepale maji ya pampu yanapotokea. Maji ya kasi ile yanaweza kuingia mwilini kupitia sehemu za siri na kuchana utumbo na viungo vya ndani. Ni majeraha mabaya, na madaktari wameyaandika kwenye majarida yao. Kwa sababu hiyo watengenezaji hubandika onyo kwenye chombo kwamba mpandaji avae suruali nzito ya mpira ya kuogelea. Nguo ya kawaida ya kuogea haizuii kitu.

Na tundu la chini linalovuta maji halichagui. Linavuta mchanga, mwani, kamba, nywele ndefu, na nguo zinazopepea. Pwani yetu, dada zetu wanaingia majini na kanga, mitandio na mabuibui. Mtu yeyote asikaribie chombo upande wa nyuma au wa chini injini ikiwa inanguruma, na kama kuna kitu kimenasa, injini izimwe kwanza, ufunguo utolewe, ndipo mkono uingie.

Sasa tuje Vitongoji

Hapa ndipo hesabu za fizikia zinapokutana na pwani yetu.

Kumbuka kwamba boti za Hamilton zilitengenezwa kwa ajili ya maji mafupi. Kwa kuwa hakuna propela inayoning'inia, jetiski inapita mahali ambapo boti ya mashine haithubutu. Kwa mtalii hiyo ni sifa. Lakini hebu fikiri: maji mafupi ya Vitongoji yana nani? Yana watoto wanaojifunza kuogelea, yana wachokoa pweza wamevuka magoti, na kwenye pwani zetu za mashariki yana akina mama wa mwani na vigingi vyao na kamba zao. Boti kubwa wanazilinda na kina. Jetiski haizuiwi na kina, kwa hiyo inabidi izuiwe na kanuni.

Pili ni bamvua. Katika visiwa vyetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika karibu mita nne. Jiwe ulilopita juu yake maji yakiwa yamejaa bila kulijua, baada ya saa chache limetoa kichwa, na katikati ya saa hizo lipo sentimita chache chini ya maji, halionekani. Watengenezaji wengi wanaonya chombo kisiendeshwe kwenye maji yasiyofika kama sentimita 60 hadi 90, kwa sababu pampu itavuta mchanga na mawe. Mtalii hajui bamvua. Mvuvi wa Vitongoji anajua hata akiwa usingizini. Elimu hiyo ni mali, na inapaswa kuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Tatu, ukishavuka mwamba, mbele yako ni Bahari ya Hindi tupu. Wakati wa kusi bahari ya mashariki inachafuka na mkondo unaokwenda kaskazini unazidi nguvu. Jetiski iliyozimika injini haina tanga wala kafi. Inachukuliwa tu. Ngalawa iliyokwama ina nahodha na tanga lake, wewe una ufunguo usiowasha.

Nilichomjibu

Nilimpigia simu Ijumaa baada ya sala. Sikumwambia asinunue. Vyombo hivi vina faida: huko Hawaii waokoaji wa baharini wanavitumia kuwafikia watu kwenye mawimbi makubwa, kwa sababu hizi hizi za kuwa vyepesi na kutokuwa na propela ya kumkata mtu. Pwani yenye jetiski moja na kijana aliyefundishwa inaweza kuwa pwani salama zaidi siku ya Idi, si hatari zaidi. Lakini nilimpa masharti, nayo ni haya:

1. Kabla ya kununua, aende Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar aulize usajili na vibali. Na awajulishe KMKM, maana siku ya shida hao ndio watakaoitwa.
2. Kutoka ufukweni hadi mita 300, mwendo usizidi noti tano, kama kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ufaransa wanaitumia kanuni hiyo. Sisi nasi tuna watu wengi majini.
3. Njia ya kutokea na kuingia iwe moja, iwekewe maboya, na ipangwe pamoja na wavuvi na akina mama wanaofanya kazi pale, si baada ya wao kulalamika.
4. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi. Ukianguka inachomoka, injini inazima, chombo kinakusubiri badala ya kukuzunguka.
5. Maji yakipwa, biashara inafungwa. Asidanganyike na noti za mteja.
6. Kila mpandaji afanye zoezi moja kabla ya kuachiwa: aende taratibu, aachie resi, akate usukani, aone mwenyewe kwamba chombo hakikati. Kisha arudie huku amebana resi kidogo, aone kinavyokata.

Hilo la sita ndilo nililolisisitiza zaidi, kwa sababu ni dakika tano tu na halina gharama. Laiti mimi ningefanyiwa hivyo Nungwi, nisingekuwa na yule mzee kichwani mpaka leo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Na hilo la mita 300, nani atalisimamia? Mimi nikiwafuata watu, wa pili akija na jetiski yake asifuate?"

Fizikia haina jibu la swali hilo. Nilimwambia alipeleke kwa sheha, kabla ya kupeleka pesa kwa muuzaji. Jana usiku amenitumia ujumbe: ameongea na shangazi yetu, ambaye kila bamvua yuko pwani pale, na shangazi kamwambia wakutane wote watu wa pwani Jumapili. Hajanunua bado.